Somo la Redio: Kugawa Sauti Nene na Sauti Nyembamba

Natumaini daftari na kalamu zi tayari.

Leo twajibu swali la mafundi: kwa nini spika ndogo huungua upesi, na kubwa ingali nzima?

Sikio la mtu husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Spika moja haiwezi kazi yote hiyo vizuri. Kwa hiyo twaweka mbili: kubwa kwa sauti nene, na ndogo, yaani twita, kwa sauti nyembamba. Waya wa ndani ya twita ni mwembamba sana. Ukiipelekea ngoma nzito, huungua, na mwenye mali hununua mara ya pili. Basi yafaa kuweka mlinzi njiani. Mlinzi huyo ndiye krosova.

Kapasita hupitisha sauti nyembamba na kuzuia nene. Hufungwa katika njia ya twita. Koili hufanya kinyume. Hufungwa katika njia ya spika kubwa.

Sasa andikeni. Spika ni ya omu 8, na mpaka tuutakao ni mitetemo 3000. Zidisheni 8 kwa 3000: ni 24,000. Gawanyeni 159,000 kwa 24,000. Mmepata? Ni kama 6.6. Hiyo ndiyo kapasita, kwa maikrofaradi. Mkipata ya 6.8, yafaa; mpaka hushuka karibu na 2900. Chagueni isiyo na upande wa chanya wala hasi.

Je, yatosha? Kwenye mitetemo 1500, sehemu moja katika 5 ya nguvu bado huifikia twita. Ukiongeza koili kando ya twita, na kupiga hesabu upya, hufika kama sehemu moja katika 17 tu. Twita imepona. Lakini gharama imezidi, tena penye mpaka spika moja husukuma hewa nyingine ikivuta, na sauti hufifia. Dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili za twita.

Basi fundi apime. Kwa redio ya chumbani, isiyopigwa kwa nguvu, kapasita moja yaweza kutosha. Kwa ukumbi wa dansi, usibane matumizi: ongeza koili.

Zoezi: tafuteni kapasita ya spika ya omu 4, mpaka ule ule wa 3000. Jibu nitalitoa katika somo lijalo. Kwa herini.