Kupunguza Ukali wa Trebo katika Amplifaya ya Valvu



Malalamiko yaletwayo kwa fundi ni kwamba amplifaya ya valvu, iliyonunuliwa kwa ajili ya unene wa sauti yake, hutoa trebo ya kuchoma masikio. Na aghalabu mwenye kulalamika ni yule apigaye kanisani au katika ukumbi mdogo ulioezekwa bati, ambako hapewi ruhusa ya kufungua volyumu hata ikafika robo. Hapo hasa ndipo ilipo asili ya taksiri hiyo. Watengenezaji wengi hutia kapasita ndogo kuvuka kidhibiti cha volyumu, kusudi sauti isififie inapopunguzwa: Fender Twin Reverb ina ya pikofaradi 120 yenye swichi yake; Deluxe Reverb ina ya 47 isiyo na swichi; na baadhi ya Marshall za wati 100 zina ya 5000. Trebo hupenya humo, ilhali besi na sauti za kati hubaki zimezuiliwa na kidhibiti. Na kadiri volyumu inavyofunguliwa ndivyo kapasita inavyopungukiwa na kazi, hata ikifika mwisho haifanyi lolote. Basi fungua volyumu kwa dakika moja: ukali ukitoweka, sababu imekuwa bayana, nayo dawa yake ni kuilehemua kapasita hiyo mguu mmoja tu, ili atakayekuja baada yako aweze kuirudisha. Naona ni kosa kuongeza kitu kipya kabla ya kuondoa kilichozidi.

Ukali ukidumu katika kila kiwango cha volyumu, weka kapasita sambamba na rezista ya anodi, ile ya kiloomu 100, kwenye valvu ya 12AX7. Wengi hutia pikofaradi 470. Lakini hiyo huanza kukata karibu na mizunguko 9,000 kwa sekunde, na spika ya gitaa hudhoofika upesi baada ya 5,000, kwa hiyo ya 1000, ianzayo karibu na 4,000, ndiyo itakayosikika. Iwe ya kustahimili volti 500 au zaidi.

Sharti nitie hadhari: ndani ya amplifaya hizi mna volti 400 na zaidi, na kapasita kubwa huzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Zimwage kwa rezista, kisha pima kwa mita, kabla ya kidole chako kugusa chochote.

Na kwa kuwa spika hurusha trebo mbele moja kwa moja, mpigaji asimamaye kando yake, amplifaya ikiwa chini magotini, haisikii, akaiongeza, ikawaumiza waumini wa safu za mbele. Nawasihi, kabla ya kufungua skrubu yoyote, iinueni au ilazeni amplifaya kidogo imtazame mpigaji usoni, mkamwombe apige tena.