Kiwewe cha Mtoto na Wajibu wa Anayemnasihi



Siku ya Jumatano, tarehe 29 Aprili, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la Jeshi la Wananchi huko Mbagala, wilayani Temeke. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliharibika, na watoto waliokimbia huku na huko walipotezana na wazazi wao. Kabla ya miaka miwili kutimia, usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, balaa la namna ile ile likawafika wakazi wa Gongo la Mboto, upande wa Ilala. Nyumba zilifanyiwa tathmini na fidia ikalipwa. Ufa wa ukuta una mthamini wake. Mtoto anayeruka kitandani kila radi ipigapo hana fomu ya kujaziwa, na aliyekuwa darasa la pili Mbagala mwaka ule hivi sasa ni mtu mzima, pengine mzazi.

Hata hivyo, mabomu ni nadra. Katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni, kuanzia Charambe na Tandika hadi Tandale na Bunju, kiwewe kingi huingia nyumbani kimya kimya: kifo cha mama, kipigo cha kila jioni, binti aliyeletwa mjini kwa ahadi ya shule akaishia jikoni kwa watu, au mtoto anayeingiliwa na jamaa anayeheshimiwa na ukoo mzima. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko utotoni, na miongoni mwa waliotajwa kuwapiga walikuwamo walimu. Waliotafuta msaada walikuwa wachache.

Yafaa ieleweke kiwewe ni kitu gani. Si huzuni ya kawaida, ambayo hupungua kadiri siku zipitavyo. Ni hofu iliyokataa kuondoka baada ya hatari kuondoka. Mwili wa mtoto huendelea kukaa tayari kukimbia: hashiki usingizi, hukojoa kitandani akiwa na umri wa miaka kumi, hushtuka akiguswa bega, hupigana bila sababu ionekanayo, au hukaa darasani macho yakiwa wazi na akili iko mbali. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja mbele yake humwita mtoto wa namna hiyo mtundu, mzito au mvivu. Majina hayo matatu yamewafukuzisha shule watoto wengi ambao kosa lao lilikuwa kuogopa.

Jibu lililozoeleka ni kwamba hiyo ni kazi ya madaktari wa akili, nao ni wachache, basi hapana la kufanya. Jibu hilo halina nguvu tena. Mjini Moshi na katika vijiji vyake, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watafiti waliwashughulikia watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe. Nusu yao walipewa unasihi wa makundi kwa mikutano 12, na mingine michache ya mtoto na mnasihi peke yao. Nusu nyingine walipata huduma iliyokuwapo katika jamii. Walionasihi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa hapo hapo, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa hatua. Mtoto alielezwa kwanza kwamba anayoyaona usiku si wazimu wala uchawi. Akafundishwa kupumua taratibu na kuutuliza mwili, kisha kuzitaja hisia kwa majina yake, kwa sababu mtoto asiye na neno la hofu huisema kwa ngumi. Baada ya kujenga nguvu hizo ndipo alisimulia, kidogo kidogo, siku ile iliyomwumiza, mpaka ikawa habari iliyopita badala ya jambo linalotokea kila akifumba macho. Walezi nao walikuwa na mikutano yao, wakaandaliwa kuisikiliza habari hiyo bila kukemea wala kuangua kilio.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mikutano ilipomalizika, watoto walionasihiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka, tofauti hiyo ilibaki Kenya tu. Kwa upande wa Tanzania wenzao nao walikuwa wamepata nafuu kama yao. Wapo watakaodai kuwa hiyo ni sababu ya kuuacha unasihi. La hasha. Mwaka wa usingizi na masomo si kitu kidogo katika maisha ya mtoto wa miaka tisa. Ila ni onyo kwa wale wanaodhani semina ya siku mbili hotelini inatosha kumfanya mtu mnasihi.

Ndugu Walimu, hatua ya kusimulia ndiyo inayoharibiwa mno mitaani. Mtoto aliyeumizwa huulizwa na shangazi, kisha na balozi wa nyumba kumi, kisha na mwenyekiti wa mtaa, kisha kituoni, kisha hospitali na fomu yake ya PF3, na kila mmoja hutaka kuanzia mwanzo. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu aliyetoka katika tukio la kutisha asilazimishwe kusimulia yote kwa mkao mmoja, maana haimponyi. Anayehitaji kujua kwa ajili ya sheria aulize mara moja, aandike vizuri, na wengine wasome alichoandika. Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi, pamoja na simu namba 116 isiyo na malipo, yaliwekwa ili mtoto awe na mahali pa kufikia. Balozi anayeketisha familia mbili wayamalize nyumbani kwa faini humrudisha mtoto mikononi mwa aliyemwumiza, na hakuna unasihi uwezao kufanya kazi wakati hatari ingali inalala chumba cha pili.

Halafu kuna suala la mahali. Katika nyumba ya kupanga yenye familia sita na ua mmoja, siri haina pa kukaa. Shuleni nako ofisi ya walimu ni moja. Walimu wenye busara huwachukua watoto chini ya mwembe, mahali panapoonekana na wote lakini pasiposikika na yeyote. Kuonekana kunamlinda mtoto, na mwalimu pia. Kutosikika kunampa mtoto uhuru wa kusema.

Gumu kuliko yote ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vikichapwa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila mwalimu anajua jinsi kanuni hiyo inavyovukwa. Watetezi husema samaki mkunje angali mbichi. Wazee wa nchi hii walikunjwa kwa hamsa ishirini ya Mjerumani. Yafaa kuuliza ni nani aliyeirithisha fimbo hiyo madarasani, na kwa nini hutetewa kama mila. Lakini hata anayeiamini fimbo hawezi kukwepa jambo moja: mtoto hatafungua moyo saa nne mbele ya mkono uliomchapa saa mbili. Mwalimu wa unasihi akiidhinishwa pia kuchapa, shule imebaki na cheo tu.

Basi mambo yanayodaiwa ni machache na yamo ndani ya uwezo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, humo humo Kinondoni, imekuwapo tangu mwaka 1973. Maofisa inaowafunza wanaweza kuwasimamia walimu wa kata zao kwa mkutano wa kila juma. Na mwalimu mkuu apangapo ratiba ya muhula ujao, ampunguzie mwalimu wa unasihi vipindi vinne au vitano, aviandike ukutani kama anavyoandika Hisabati, na asimwite kusimamia mtihani wakati huo.