Kijana Atakaye Kuwa Wakili
(Hotuba waliyopewa wanafunzi wa sekondari pamoja na wazazi wao)



Katika nyumba nyingi, mtoto akionekana hodari wa kubishana, jamaa husema mara moja, "Huyu atakuwa wakili." Mama huliona joho jeusi machoni pake, na baba huanza kupiga hesabu ni ng'ombe wangapi watakaouzwa. Lakini ubishi si kipimo cha kazi hii. Maneno ya kortini ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni kusoma, kuandika na kungoja.

Yafaa kumkumbuka Bw. Argwings-Kodhek wa Gem, katika Nyanza. Baada ya kusoma Makerere na kufanya ualimu, alikwenda Wales mwaka wa 1947 kusoma mambo ya jamii, na huko akageukia sheria. Siku zile mtu aliyetaka kuwa wakili Uingereza hakupimwa kwa mitihani peke yake. Alipaswa pia kula chakula cha jioni, mara nyingi kadiri ilivyoamriwa, katika mojawapo ya vyama vinne vya mawakili vya London. Ni sharti la ajabu, lakini asiyelitimiza hakupokewa.

Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kumpa kazi katika ofisi yake ya sheria, lakini kwa mshahara uliopungua ule wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Akakataa, akafungua ofisi yake, akawa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika Kenya. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, naye akawatetea walioshtakiwa kwa mambo ya Mau Mau. Mengi ya mashtaka hayo adhabu yake ilikuwa kitanzi, na watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Kuwasimamia watu hao hakukumpatia wakili urafiki wa wakubwa.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii, wala si katika maneno ya Kilatini. Je, kijana ataweza kumtetea mtu ambaye kijiji kizima kimekwisha kumhukumu, huku jirani zake wakimwuliza kwa nini anamsaidia mwizi? Wakili hasemi kwamba mtu wake ni mwema. Kazi yake ni kuona kwamba mshtaki anathibitisha mashtaka, na kwamba ushahidi unapimwa sawasawa. Wala hana ruhusa ya kuidanganya korti au kumleta shahidi anayejua kuwa atasema uongo. Kusimama kati ya mambo hayo mawili si kazi ya mtu apendaye kusifiwa.

Njia yenyewe sasa ni rahisi kuliko safari ya Wales. Sheria ilianza kufundishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1961, na Nairobi mwaka wa 1970. Hata hivyo si njia fupi. Kuna miaka minne ya shahada, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kisha miezi sita ya kujifunza chini ya wakili aliyeizoea kazi. Baba na ajue kwamba katika miezi hiyo sita wako vijana wanaopata nauli tu. Asidhani kwamba siku ya kuvaa kofia ya shahada ndiyo siku ya kurudishiwa ng'ombe wake.

Liko na jambo la fedha za watu. Mtu akiuza kiwanja, bei yake mara nyingi hupita mikononi mwa wakili, naye yampasa aiweke benki mbali na fedha zake mwenyewe. Kodi ya ofisi ikichelewa, na fedha za mjane zikiwa zimelala pale, wakili hujaribiwa sana. Wako waliofutwa katika orodha ya mawakili kwa kuzigusa.

Basi, kabla ya kuuza kitu cho chote, kijana na aende korti ya hakimu iliyo karibu. Raia hawazuiwi kuingia, isipokuwa katika kesi chache kama zile za watoto. Akae nyuma, kimya, tangu asubuhi hata jioni, siku tatu mfululizo. Asiwatazame mawakili wanenao vizuri tu. Amtazame yule ambaye kesi yake imeahirishwa tena, na mteja wake ametoka mbali tangu alfajiri. Asikilize anamwelezaje habari hiyo huko nje barazani. Kisha arudi nyumbani, awaambie wazazi wake kama kazi ile aliyoiona bado anaitaka.