Zamu Haikabidhiwi Gizani

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni kuhama kutoka mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwenda mfumo mpya.

Mfumo wa kuendesha kompyuta ndiyo programu kuu inayoiamuru mashine isome nini, ihifadhi wapi na imfungulie nani. Programu nyingine zote hufanya kazi chini ya amri yake. Kwa hiyo kuubadilisha ni sawa na kubadilisha kamanda wa kikosi: huenda baadhi ya waliomtii yule wa kwanza wasielewe kabisa amri za huyu wa pili.

Kwa nini basi tusibaki na ule wa zamani? Jibu ni kwamba kila mfumo una siku yake ya kustaafu. Kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Siku hiyo ikifika mashine haizimiki. Huendelea kuwaka kila asubuhi kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kasoro itakayogunduliwa baadaye haitatengenezwa tena. Lango linaonekana limefungwa, kumbe mlinzi ameshaondoka.

Wenye shaka na wakumbuke mwezi Mei 2017. Programu ya maangamizi iitwayo WannaCry ilifunga majalada ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa tangu mwezi Machi, lakini wengi walioathirika hawakuwa wameitumia. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, haraka nayo ina hasara zake. Mfumo wa Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, hudai kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine na vichakato vya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziupokei. Na hata mashine ikiupokea, programu iliyotungwa kwa ajili ya mfumo wa zamani yaweza kukataa kufunguka.

Anayeumia hapo si fundi. Anayeumia ni askari anayestaafu, ambaye miaka yake ya utumishi imo katika jalada lisilosomeka. Ni mjane anayengojea haki ya marehemu mumewe. Ni mtu aliye mahabusu, ambaye tarehe ya kukamatwa kwake haionekani, na kila siku inayopita ni siku ya uhuru wake.

Sisi Warundi tunao mfano wa karibu. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, mikoa 18 imekuwa 5. Mtu aliyeandikwa zamani kuwa ni wa mkoa wa Muyinga, leo ni wa mkoa wa Buhumuza. Wa Karusi ni wa Gitega. Daftari jipya lisipojua kwamba majina hayo mawili ni ya mahali pamoja, mtu mmoja atahesabiwa kuwa wawili, au hataonekana kabisa.

Yafaa tutazame walivyofanya Gendarmerie ya Ufaransa. Wao hawakuanza na mfumo wenyewe. Mwaka 2005 walianza kubadilisha programu za kuandikia barua na mahesabu, kisha zile za intaneti na za barua za mtandao, wakichagua zinazofanya kazi katika mfumo wa zamani na katika mpya vilevile. Ndipo mwaka 2008 wakaanza kuweka mfumo wa Ubuntu, usiolipiwa leseni. Ilipofika mwaka 2014 makumi ya maelfu ya kompyuta zao zilikuwa zimehama. Askari aliyeukuta mfumo mgeni alikuta pia programu alizokwisha kuzizoea.

Kamanda hahitaji kuwa fundi ili aulize maswali ya lazima. Je, nakala ya majalada yote imehifadhiwa nje ya mashine, na imejaribiwa kufunguliwa? Je, mfumo mpya umejaribiwa katika kituo kimoja kabla ya kupelekwa katika vyote? Je, imebaki mashine moja ya zamani, iliyotengwa na mtandao, ya kusomea yale ambayo mpya haiyasomi? Asipopata jibu la ndiyo kwa yote matatu, na asitie saini.

Ndugu wasikilizaji, kila askari anajua kwamba mlinzi wa usiku haondoki kwa sababu tu saa yake imekwisha. Humngoja mwenzake, humpa neno la siri, humwonyesha silaha na daftari la lindo, ndipo akaenda kupumzika. Mifumo ya kompyuta nayo ipewe heshima hiyo hiyo: wa zamani asishikiliwe baada ya nguvu zake kwisha, wala asifukuzwe kabla hajakabidhi.