Kuoza: Maana ya Neno na Matumizi Yake Kisayansi
(Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Lugoba)



Wahenga walinena: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tangu hapo neno hili limebeba lawama. Hata mtu mwenye tabia mbovu huambiwa ameoza. Katika sayansi, hata hivyo, kuoza si aibu, bali ni kazi. Bakteria na kuvu huyavunjavunja mabaki ya mimea na wanyama, wakayarejesha kuwa maji, hewa ya ukaa na virutubisho, kama vile nitrojeni na fosforasi, ambavyo mahindi huvifyonza tena kwa mizizi yake.

Kazi hiyo huhitaji unyevu na hewa. Maganda ya mananasi ya Kiwangwa yakichanganywa na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mboji baada ya miezi michache. Rundo lililoandaliwa vema hupata joto la nyuzi 55 au zaidi, ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya maradhi. Rundo lililokosa hewa huoza kwa njia nyingine: hunuka na kutoa methani, gesi ile ile inayowaka katika jiko la bayogesi.

Lakini kuvunjika si kuoza. Mwamba wa machimbo ya Lugoba huvunjwa ukawa kokoto, na kokoto hubaki jiwe. Plastiki nayo hupasuka juani ikawa vipande vidogo, na vipande hivyo hubaki plastiki. Ndiyo maana katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza tarehe 1 Juni 2019, ni la manufaa kwa mfugaji na mkulima. Ng'ombe akimeza mfuko, tumbo lake haliwezi kuusaga. Mifuko hujikusanya humo hata ikamuua. Mfuko ukiziba mtaro, maji ya mvua huingia nyumbani.

Basi, kila kaya itenge vyombo viwili. Maganda, majani na mabaki ya chakula yaende kwenye shimo la mboji. Chupa na vifungashio vya plastiki viwekwe kando, visitupwe mtaroni wala kuchomwa, kwa kuwa moshi wake una sumu. Kinachooza kirudi shambani; kisichooza kisiachwe kifike huko.