Nakubali, lakini nini?

Tangu 2021 sheria ya Tanzania inatamka kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Simu, inaelekea, hazijapata taarifa. Zipo programu za mikopo zinazokushushia masharti marefu kwa Kiingereza, kisha chini kabisa, kwa Kiswahili safi, kitufe kimoja: “Nakubali”. Watetezi wa mtindo huo husema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Ajabu! Mahakama za mwanzo zimeamua mashauri kwa Kiswahili miongo na miongo: mdai, mdaiwa, dhamana, rufaa, kukazia hukumu. Na ukichelewesha rejesho, ujumbe wa kudai deni huja kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazungumzia ridhaa. Aliyebonyeza asichokielewa ameridhia kubonyeza tu.