Kusasisha Kompyuta za Wingu kwa Maandishi: Hotuba Mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani



Katibu wetu aliponiomba niseme juu ya kazi yangu alinipa sharti moja tu: niseme kwa lugha ambayo hata waliosoma mchepuo wa Sanaa wataifuata. (Kicheko.) Nitajitahidi, nami ninawaomba radhi mapema pale ulimi utakaponiteleza.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta ambazo sijapata kuziona kwa macho. Ziko katika majumba makubwa yenye ulinzi, nyingine Ireland, nyingine Cape Town. Tunazikodi kwa saa, kama sisi wa zamani tulivyokuwa tukikodi baiskeli sokoni siku ya Jumapili. Hiyo ndiyo iitwayo kompyuta ya wingu, ingawa hapana wingu lolote pale. Ni chuma, nyaya na feni. Na vijana mjue kwamba jambo hili si la kigeni kwa Afrika kama linavyodhaniwa. Huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta, EC2, iliyofunguliwa kwa majaribio mwaka 2006, iliundwa kwa sehemu kubwa na kikundi kidogo cha wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Cape Town.

Kompyuta hizo hazifanyi kazi kila moja peke yake. Huunganishwa, na kundi zima huitwa klasta. Kila kompyuta ndani ya klasta ni nodi. Juu yao iko programu ya kuziongoza iitwayo Kubernetes, ambayo Google waliitangaza mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. Programu hii ndiyo inayoamua kazi ipi ikae katika nodi ipi, na kazi ikifa huifufua mahali pengine. Nodi za aina moja hupangwa kwa vikundi, kama ninyi mlivyopangwa kwa mabweni.

Sasa, kompyuta huzeeka. Sisemi chuma, nasema programu zilizomo. Kila mara hugunduliwa tundu ambalo mwizi anaweza kupenyeza mkono, na tundu hilo lazima lizibwe. Zaidi ya hayo Kubernetes yenyewe hutoa toleo jipya mara 3 kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miezi 14 hivi, basi. Ukichelewa unalipa. Kwa bei ambazo Amazon walizitangaza mwaka 2024, klasta yenye toleo linalotunzwa hulipiwa senti 10 za dola kwa saa. Ukibaki na toleo lililopitwa na wakati, senti 60. Vijana wa Hesabu wazidishe: kwa mwaka mzima ni dola 876 dhidi ya dola 5,256, kwa klasta moja, na hapo kodi ya nodi zenyewe bado. Kwa hiyo hatuna hiari. Tunasasisha, na tunasasisha huku watu wanatumia. Hapana kengele ya mapumziko.

Namna yake ni hii. Fikirini Mwalimu Mkuu ameamua mabweni yote yapakwe rangi, na hapana mwanafunzi wa kulala nje hata usiku mmoja. Kwanza unajenga bweni jipya, moja. Kisha unaliendea bweni kuukuu na kufunga orodha yake: waliomo wakae, lakini mgeni asiingie. Ndipo unawahamisha waliomo, mmoja mmoja, kwenye nafasi zilizopo. Likiwa tupu unalibomoa, unakwenda kwa la pili. Nodi nazo ni hivyo hivyo. Katika EKS, huduma ya Amazon ya kuendesha Kubernetes, vikundi vinavyotunzwa na huduma yenyewe husasishwa kwa mtindo huo, na usipoiambia vinginevyo huondoa nodi moja kwa wakati mmoja.

Iko na taratibu ya nani atangulie. Makao makuu ya klasta husasishwa kwanza, tena toleo moja baada ya jingine bila kuruka, ndipo nodi zifuate. Nodi yaweza kubaki nyuma ya makao makuu kwa matoleo 3 (kabla ya toleo la 1.28 la mwaka 2023 yalikuwa 2), lakini haifai kamwe kuwa mbele yake.

Yako pia mambo ya ukaidi. Huduma yaweza kuwekewa kanuni kwamba katika nakala zake 3, wakati wowote zisipungue 2 zilizo kazini. Ni kanuni njema, sawa na kusema darasa lisikose mwalimu. Lakini nimekuta watu wameweka kanuni ya kwamba isipungue nakala 1, na nakala yenyewe ni hiyo hiyo 1! Huyo hahamishiki. EKS hungoja dakika 15, kisha husema usasishaji umeshindikana, nawe umekesha bure. Ukitumia nguvu itahama, lakini basi kanuni uliiweka ya nini?

Haya yote mtu anaweza kuyafanya kwa mkono, kwa kubofya vitufe kwenye kioo. Sisi hatufanyi hivyo tena, na sababu yake wenzangu wa rika langu wanaijua kuliko wanavyodhani.

Mnamkumbuka mzee wa pampu? (Makofi.) Yeye peke yake alijua kwamba koki ndogo hufunguliwa kabla ya ile kubwa, na kwamba mashine ikikohoa mara mbili uiache kwanza ipoe. Alipostaafu alirudi kwao na elimu yake. Tulibeba maji kutoka mtoni wiki mbili, mpaka alipofuatwa. Safari hii yeye alisema na kidato cha nne kiliandika, hatua kwa hatua, juu ya ubao uliotundikwa ukutani mwa nyumba ya pampu. Kuanzia siku hiyo hata sisi wa kidato cha pili tuliweza kuiwasha.

Ubao ule ndio ninaouita msimbo. Yako maandishi, katika faili, yanayosema: nataka kikundi cha nodi 6, za aina fulani, toleo fulani. Tunatumia programu iitwayo Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2014. Inasoma maandishi yako, inatazama mambo yalivyo kule kwenye wingu, inalinganisha, kisha inakuandikia mpango: nitaongeza hiki, nitabadili hiki, nitabomoa hiki. Halafu inasubiri ukubali. Kusasisha kikundi ni kubadili tarakimu moja katika mstari mmoja, mwenzako akaukagua mstari huo, ndipo ukatekelezwa. Maandishi hayo yanawekwa mahali panapotunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani, lini, na kwa sababu gani.

Lakini nisije nikawapa picha ya uongo. Nitawaeleza aibu yangu.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja, sitaitaja, iliyouza tiketi za mabasi kwa simu. Ilikuwa Desemba, na mnajua Desemba watu wanavyorudi makwao. Nodi zetu 6 zilikuwa zinalemewa. Nikaona busara kuhamia mashine zenye kumbukumbu kubwa zaidi. Nikafungua faili, nikabadili neno moja tu, aina ya mashine. Mpango ukaja: ongeza 1, badili 0, bomoa 1. Nikasema moyoni, vyema, itakwenda nodi moja moja. Sikumwita mtu akague. Ilikuwa jioni, wenzangu wamekwisha kuondoka. Nikakubali.

Kumbe ile 1 haikuwa nodi. Ilikuwa kikundi kizima. Aina ya mashine haibadiliki ndani ya kikundi kilichokwisha kuundwa. Lazima kikundi kivunjwe na kingine kiundwe. Na Terraform, usipoiagiza vinginevyo, hubomoa kwanza ndipo ijenge. Maelezo hayo yote yalikuwamo katika mpango, yameandikwa waziwazi, mistari kumi juu ya pale nilipoanza kusoma.

Nikatazama programu zetu zikifukuzwa katika nodi na kukosa pa kwenda. Zilijipanga foleni kungoja nyumba ambayo haijajengwa. Dakika 19, ndugu zangu. Kijana wetu wa kituo cha mabasi alinipigia simu. Nyuma yake nikisikia watu wakigomba. Walikwisha kulipa na tiketi hazionekani, na makondakta hawakubali maneno matupu. Basi moja likaondoka na viti vitupu, na wenye viti wamesimama chini na mizigo yao, mmoja akiwa anakwenda mazikoni.

Mkubwa wangu aliponiuliza nilisema wateja walikuwa wengi mno, mitambo ikazidiwa. Ulikuwa uongo, na ulidumu mpaka asubuhi. Aliifungua ile kumbukumbu ya mabadiliko: palikuwa na mstari mmoja, saa 12 na dakika 40 jioni, na jina langu. Hakunifukuza. Alinisukumia karatasi akasema, "Andika yote, tangu mwanzo, na ulichonidanganya kiwemo." Kile nilichokiandika husomwa na kila mfanyakazi mpya wa kampuni ile, nadhani hata leo. Kuna siku nilikutana na kijana mmoja Dar es Salaam akanisalimu, "Shikamoo, wewe ndiye wa dakika 19?" (Kicheko.) Nikaitika marahaba, ningefanyaje?

Dawa yake ilikuwa mistari miwili. Wa kwanza huiamuru Terraform ijenge kikundi kipya kabla haijabomoa cha zamani. Wa pili ni wa jina: katika klasta moja vikundi viwili haviwezi kuitwa jina moja, kwa hiyo unatoa mwanzo wa jina tu na kuacha mashine imalizie. Bila huo wa pili, wa kwanza hushindwa. Watu wengi husahau.

Wapo watakaosema: kumbe msimbo ndio uliokuponza, kwa mkono usingebomoa sita kwa pigo moja. Kweli. Maandishi hutenda upesi yale uliyoyaandika, hayatendi uliyoyakusudia. Lakini nawaomba mtazame upande wa pili, kwa kisa kisicho changu, ambacho wenyewe walikitangaza kwa ulimwengu.

Tarehe 14 Machi 2023 mtandao mkubwa wa Marekani, Reddit, ulizimika kwa dakika 314. Wanafunzi wa Hesabu tayari wanatabasamu, maana tarehe hiyo Wamarekani huiandika 3/14. Wahandisi wao walikuwa wakisasisha klasta moja ya zamani kutoka toleo la 1.23 kwenda 1.24. Katika toleo hilo jipya, lebo iliyokuwa ikibandikwa kwenye nodi za makao makuu, yenye neno la Kiingereza la bwana mkubwa, iliondolewa na kubaki ile yenye neno la usimamizi. Jambo dogo, nalo lilikuwa limetangazwa mapema. Lakini njia za mawasiliano ndani ya klasta ile zilikuwa zimepangwa, miaka mingi nyuma, kwa kuitafuta lebo ile ya zamani. Lebo ikatoweka, njia zikakatika, nodi hazikuonana tena. Ilibidi warudishe klasta kutoka nakala ya akiba.

Kwa nini hawakuliona mapema? Kwa sababu mpangilio ule haukuwa katika msimbo wao popote. Uliwekwa kwa mkono. Waliouweka walikuwa wamehamia kazi nyingine au kampuni nyingine. Mhandisi mmoja alikumbuka, baada ya maafa, kwamba kitu kama hicho kilikuwapo, akaanza kukichimbua. Nilipoisoma taarifa yao niliona nyumba ya pampu kabla ya ubao kutundikwa, na wanafunzi na ndoo zao njiani kwenda mtoni.

Ndiyo maana nikiingia kazini mahali papya siulizi kwanza nini kimo katika msimbo. Nauliza nini hakimo: nani alibofya nini mwaka gani akaenda zake. Baada ya hapo tunasasisha kwanza klasta ya majaribio, iliyoumbwa kwa maandishi yale yale, tunaiacha siku kadhaa, ndipo ile ya watu. Mpango husomwa na watu wawili, kutoka mstari wa kwanza. Wala si Desemba.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza pale mlangoni kama haya yanahitaji fedha nyingi kujifunza. Hayahitaji. Ipo programu ya bure iitwayo kind inayounda klasta nzima, nodi zake zote, ndani ya kompyuta moja ya kawaida; kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa nodi 3. Kesho saa 3 asubuhi nitakuwa maabara ya Fizikia, Mwalimu Mkuu amekwisha kuniruhusu. Tutajenga nodi 3, tutaweka kazi juu yake, na tutahamisha moja moja tukiangalia kama kazi inasimama. Atakayeziangusha zote kwa pamoja ataandika karatasi kama mimi.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu ananitazama na harufu ya pilau imekwisha kufika humu ukumbini. (Makofi.)